Sufuria ya Nani Inachemka Kwanza?

Oda iliingia saa nne usiku. Kurasa nane, mada: usalama wa nishati barani Ulaya baada ya 2022. Mwanafunzi mwenyewe yuko chuo fulani ng'ambo, mimi niko Rongai kwenye chumba kimoja, na dola zikiingia zinalipa nyumba. Vijana wengi wa Nairobi wanaijua hii kazi hata kama hatuitaji mbele ya wazee. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilinilemea, na tangu hapo nimewaandikia watu insha za digrii hadi nimepoteza hesabu. Yangu mwenyewe sina.

Nilikuwa nimebandika maji ya chai. Nikifika ukurasa wa pili, moto ukafifia, ukazima. Mtungi umekwisha. Meko ya kilo sita, elfu moja na mia mbili kuijaza, na kwa M-Pesa nilikuwa na mia tatu na kitu. Nikakaa pale na maji vuguvugu nikisoma ripoti za watu wenye wasiwasi kwamba Wajerumani wataoga maji baridi.

Sikuwa na chuki na Wajerumani. Baridi ni baridi. Lakini kuna mambo niliyoyaona usiku ule ambayo hayakuingia kwenye insha, na mengine yaliingia halafu nikaambiwa niyatoe. Ndiyo nataka kuyasema hapa, mahali ambapo silipwi kwa kurasa.

Ukizisoma hizo ripoti utaona kwamba maneno "usalama wa nishati" yana maana moja tu: mnunuzi asikose. Maghala yajae kabla ya Novemba, meli zifike, bei isiruke. Na kweli bei iliruka. Kabla ya vita vya Ukraine na misukosuko iliyovitangulia, Ulaya ilizoea kununua gesi kwa takriban yuro 20 kwa megawati-saa. Agosti 2022 ilipita 300. Kwa hiyo hofu yao ilikuwa ya kweli. Shida yangu ni ramani zao. Kwenye ramani hizo nchi inayouza gesi huwa ni mshale. Algeria mshale, Nigeria mshale, Misri mshale, Msumbiji mshale mrefu unaozunguka bara zima. Hakuna anayeuliza kama aliye kwenye mkia wa mshale ana stima ya kuwasha balbu.

Na muuzaji naye ana usalama wake wa kuutafuta. Mtambo wa kusindika gesi unaipoza hadi nyuzi 160 chini ya sifuri, inageuka kimiminika, inapakiwa melini. Unagharimu mabilioni ya dola, na ukishajengwa hauwezi kufanya kazi nyingine yoyote. Si kama shamba la mahindi ambalo mwaka kesho utapanda maharagwe. Umekopa, umejenga, sasa unamwomba mnunuzi asibadilishe nia kwa miaka 20. Ndiyo maana nchi zinazouza gesi, zile zenye jumuiya yao Doha, kila zikikutana zinasema: mnazungumzia uhakika wa kupata gesi, na sisi je, uhakika wa soko? Ni hoja nzito. Ulaya inakuambia lete gesi haraka, halafu papo hapo inapitisha sheria kwamba mikataba ya muda mrefu ya gesi ya kawaida isivuke mwisho wa 2049. Ni haki yao kujilinda na tabianchi. Lakini aliyekopa kujenga ndiye atakayebaki na mtambo.

Tena hebu kumbuka mwendo wenyewe. Novemba 2021 kule Glasgow, nchi zaidi ya 20 na taasisi za fedha ziliahidi kwamba kufikia mwisho wa 2022 zitaacha kutoa pesa za umma kwa miradi ya mafuta, makaa ya mawe na gesi nje ya mipaka yao. Ujerumani ilikuwamo. Mei 2022, Kansela Olaf Scholz alikuwa Dakar akisema Ujerumani ingependa kushirikiana na Senegal kwenye gesi. Juni mwaka huohuo, wakubwa wa G7 wakakutana Elmau na kuandika kwamba uwekezaji wa umma kwenye gesi unaweza kufaa kama hatua ya muda. Ahadi ilidumu miezi saba. Yaani gesi ya Afrika ilikuwa dhambi ikitaka kupika Afrika, ikawa dharura ilipotakiwa kupika Bavaria.

Hapo ndipo wenzangu wengi wanapoishia. Ukoloni mamboleo, makofi, tumemaliza. Mimi naona hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu hiyo hoja ya uhakika wa soko nayo ina shimo. Inaulizia usalama wa hazina ya serikali. Haiulizi kabisa sufuria ya nani inachemka kwanza ndani ya nchi inayouza.

Chukua Misri. Juni 2022 Ursula von der Leyen alikuwa Cairo, makubaliano yakasainiwa kati ya Umoja wa Ulaya, Misri na Israeli: gesi ya Israeli ipitie Misri, isindikwe huko, iende Ulaya. Agosti, serikali ya Misri ikatoa amri kwa watu wake wenyewe. Taa za barabarani zipunguzwe. Maduka makubwa yasiweke viyoyozi chini ya nyuzi 25. Sababu haikufichwa: gesi itakayookolewa iuzwe nje, dola ziingie. Kiangazi cha 2023 kikaja na joto lake, uzalishaji ukiwa umeshuka, na Wamisri wakaanza kukatiwa umeme kwa zamu. Mwaka uliofuata Misri ikawa inaagiza gesi kwa meli. Kutoka muuzaji hadi mnunuzi ndani ya miaka miwili. Usiniambie hiyo ilikuwa ajali. Waliambiwa wajibane ili wauze, wakajibana, halafu hakukuwa na cha kuuza wala cha kuwashia feni.

Nigeria siimalizi, ingehitaji makala yake. Meli za gesi zimekuwa zikitoka Bonny tangu 1999, na Lagos bado inaunguruma jenereta.

Sasa linganisha na Uholanzi. Watu husahau kwamba Uholanzi ni nchi ya gesi. Groningen iligunduliwa 1959, ikapasha joto nyumba za nusu ya Ulaya magharibi, na ikaleta hadi ule ugonjwa wa kiuchumi unaoitwa kwa jina la Uholanzi, pale mali moja inapoziua kazi nyingine zote. Lakini ardhi ya Groningen ilianza kutikisika. Agosti 2012 kijiji cha Huizinge kilipata tetemeko la 3.6, nyumba zikapasuka kuta, watu wakaandamana, wakaenda mahakamani, bunge likafanya uchunguzi. Na Oktoba 2023, Ulaya ikiwa bado haijapona na kiu yake ya gesi, Waholanzi walifunga visima. Aprili 2024 ikapitishwa sheria kwamba havitafunguliwa tena. Chini kulikuwa bado na gesi nyingi. Walisema nyumba za watu wetu kwanza.

Nilipoisoma hiyo nilisimama nikatembea chumbani, na chumba chenyewe ni hatua nne. Sababu ni kwamba mimi nimekulia Msambweni, na karibu na kwetu, pale Makongeni kando ya Gazi (ndiyo, kijiji kinaitwa Gazi, usicheke), wanaishi Wamakonde. Wazee wao walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Walikaa Kenya bila vitambulisho hadi Oktoba 2016 walipotembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda kumwona rais Nairobi, ndipo wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Mzee mmoja mchonga vinyago alikuwa jirani yetu, tulimwita Babu sote. Mwaka 2021 nilimkuta ameketi chini ya mwembe na simu mkononi, hachongi. Nikamwamkia, "Shikamoo Babu." Akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, kule kwetu wanakimbia tena." Nikamuuliza wanakimbia nini. Akaniambia, "Kumepatikana mali."

Sikumwelewa siku ile. Nilidhani anachanganya.

Cabo Delgado ndiyo mkoa wa juu kabisa wa Msumbiji, unapakana na Mtwara. Pwani wanasema Kimwani, ambacho mtu wa Lamu au Pemba anakisikia kama ndugu aliyepotea. Bara wako Wamakonde. Kuanzia 2010 baharini hapo, bonde la Ruvuma, kampuni za kigeni zilipata gesi nyingi mno, mojawapo ya hazina kubwa zilizowahi kupatikana Afrika. Kabla hata kilo moja haijauzwa, pesa zilishaliwa. 2013 na 2014 kampuni za serikali ya Msumbiji zilikopa karibu dola bilioni 2 kwa siri, eti boti za kuvulia jodari na za kulinda pwani, dhamana ya serikali ikitolewa bila bunge kujua. Waliokopesha walijua kuna gesi inakuja. Siri ikafumuka 2016, wafadhili wakafunga mikono, sarafu ikaporomoka, na aliyeumia ni mwalimu na muuguzi. Waziri wa fedha wa wakati ule, Manuel Chang, alikutwa na hatia na mahakama ya Brooklyn Agosti 2024. Tuseme hilo wazi: mkono wa Maputo ulikuwamo.

Kwenye rasi ya Afungi, mahali palipochaguliwa kujengwa mtambo wa nchi kavu, watu wa kijiji cha Quitupo walihamishiwa makazi mapya ya Quitunda. Nyumba za matofali, mistari iliyonyooka. Mvuvi ukimhamisha mbali na maji umempa nyumba na umemnyang'anya kazi. Tayari Oktoba 2017 vijana wenye silaha walikuwa wameushambulia mji wa Mocímboa da Praia. Vita hivyo gesi pekee haikuvizaa. Vina mizizi kwenye dini iliyopotoshwa, umaskini, serikali isiyoonekana, na vijana waliofukuzwa kwenye machimbo ya rubi ya Montepuez mapema mwaka huo. Gesi iliingia kwenye nyumba iliyokuwa na moshi tayari, ikaja na kelele za utajiri ambao hakuna jirani aliyeuona.

Tarehe 24 Machi 2021 Total ilitangaza kwamba kazi zitarejea Afungi. Siku hiyohiyo Palma ikavamiwa. Watu walichinjwa, wengine wakakimbilia msituni na baharini. Aprili 26 kampuni ikatangaza rasmi kwamba imesimamisha mradi kwa sababu zisizo juu yake, mradi wa dola bilioni 20. Mkataba una kifungu cha kuilinda kampuni ikipatwa na vita. Mama wa Palma hana kifungu. Kufikia 2022 waliohama makwao mkoani walikaribia milioni moja.

Na hapa Kiswahili chetu kinatusaidia kuona, kwa sababu neno usalama kwetu ni lile lile, la kutodhurika na la askari. Julai 2021 wanajeshi wa Rwanda walitua Cabo Delgado. Desemba 2022 Umoja wa Ulaya ukaidhinisha yuro milioni 20 kuwasaidia. Sipingi mtu kuokolewa, na wapo waliorudi majumbani kwao kwa sababu ya askari hao. Nauliza tu kwa nini miaka minne ya kwanza ya vita haikuwa na haraka ya namna hiyo. Usalama wa nishati uliufuata usalama wa binadamu ukiwa umechelewa, au pengine ni kinyume chake.

Sasa sikiliza hii, ndiyo aya niliyoambiwa niitoe. Katikati ya vita hivyo gesi ya Msumbiji ilianza kusafirishwa. Mtambo unaoelea, Coral Sul, ulijengwa Korea Kusini, ukavutwa baharini, ukafika Januari 2022 na kutia nanga mbali na pwani. Kisima kiko chini ya maji, mtambo uko juu ya maji, meli inakuja, inapakia, inaondoka. Novemba 13, 2022 shehena ya kwanza ilitoka. Yote inanunuliwa na BP kwa miaka 20, kwa mkataba uliosainiwa 2016, wakati ambao gesi ilikuwa rahisi duniani. Gesi hiyo haigusi mchanga wa Msumbiji hata kidogo. Kule Ulaya waliandika kwamba ni habari njema ya usalama wa nishati. Na kihandisi ni kazi ya ajabu, nakubali. Lakini fikiria nchi imefikia mahali ambapo njia salama zaidi ya kuuza mali yake ni kuhakikisha mali hiyo haikutani na wananchi wake.

Mteja alijibu kwa heshima. Alisema sehemu ya Afrika iwe aya mbili, na hii ya mtambo unaoelea ina "hisia". Nikaikata. Nilihitaji pesa ya mtungi.

Hii si mara ya kwanza kwa Msumbiji pia. Tangu 2004 gesi ya Pande na Temane, mkoani Inhambane, inapita kwenye bomba la kilomita 865 hadi Secunda, Afrika Kusini. Miaka 20 na zaidi. Wamsumbiji walio wengi bado wanapikia kuni na makaa. Mkaa unauzwa kando ya barabara ileile ambayo bomba limepita chini yake. Mtu akiniambia subiri, maendeleo yanachukua muda, namwuliza muda gani. Mtoto aliyezaliwa bomba likifunguliwa sasa ni mtu mzima, na amekua akivuta moshi.

Upande wa pili wa mto Ruvuma mambo yalienda tofauti kidogo, na sijui kama Watanzania wenyewe wanajipa sifa wanayostahili. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ikakaa chini miaka 30, na 2004 ikaanza kufika Dar es Salaam kuzalisha umeme. Baadaye ikaja habari ya bomba la Mtwara. Januari na Mei 2013 Mtwara ililipuka. "Gesi haitoki" ndiyo ilikuwa kauli. Watu walikufa, ofisi zikachomwa, jeshi likaingia mitaani. Serikali ilisema gesi ni ya taifa zima, haiwezi kuwa ya mkoa. Na kusema kweli, serikali ilikuwa na hoja. Na watu wa Mtwara walikuwa na hoja zaidi: mkoa uliosahaulika tangu enzi za mkoloni, uliokaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, unaambiwa ukweli kwamba mali ni ya wote siku ileile mali inapopatikana kwake. Ilipokuwa shida, haikuwa ya wote.

Bomba lilijengwa kwa mkopo wa China, likaanza kazi 2015. Kwa miaka kadhaa zaidi ya nusu ya umeme wa Tanzania ulitokana na gesi yake yenyewe. Kiwanda cha saruji Mtwara kinaitumia. Bajaji na teksi za Dar zinapanga foleni kuijaza. Ule mradi mkubwa wa kuisindika gesi ya bahari kuu na kuiuza nje, pale Lindi, wa dola bilioni 42, umekuwa ukisainiwa na kujadiliwa na kusubiriwa. Januari 2021 Equinor ilifuta vitabuni karibu dola bilioni 1 ya thamani ya mradi huo, Juni 2022 wakasaini makubaliano ya awali Dodoma, na mpaka leo hakuna tofali. Wachumi wanalia kwamba Tanzania inachelewa. Mimi nasema kwa kuchelewa huko nchi iliwasha taa zake kwanza. Sidhani kama ilipangwa hivyo. Lakini matokeo yako mezani, na Cairo wangetamani kuyapata.

Kuna jambo moja limenisumbua, na lazima nilitaje kwa sababu mtu atanirushia. Gesi asilia ya Tanzania si ile iliyo kwenye meko yangu. Ile ya chini ya bahari ni methani tupu, karibu yote. Ya mtungi ni propani na butani, inatoka kwenye visima vya aina nyingine na kwenye mitambo ya kusafisha mafuta. Ndiyo maana Tanzania, yenye futi za ujazo trilioni 57 chini ya ardhi na bahari, inaagiza gesi ya mitungi kwa meli. Mei 2024 Rais Samia alikuwa Paris kwenye mkutano mkubwa wa upishi safi, zikaahidiwa dola bilioni 2.2, na nchi yake imejiwekea lengo la asilimia 80 ya watu wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Sawa kabisa. Lakini kama lengo hilo litafikiwa kwa mitungi ya kuagiza, basi muuzaji wa gesi atakuwa anategemea meli za watu kupikia ugali, na bei ikipanda Ghuba, Tandale italala njaa. Methani inafika jikoni kwa bomba la mtaani au kwa umeme. Yote mawili ni ghali kujenga na hayana utepe mzuri wa kukata. Dar nyumba zilizounganishwa bado ni chache sana. Hapo ndipo pesa zingekwenda kama sufuria ya nyumbani ingekuwa ya kwanza.

Najua rafiki zangu wa mazingira watasema iacheni gesi chini. Nawasikia. Kenya yenyewe inapata karibu asilimia 90 ya umeme wake kutoka mvuke wa Olkaria, maji, upepo na jua, kwa hiyo sitamwambia mtu kwamba bila gesi hakuna maisha. Lakini Shirika la Kimataifa la Nishati lilipiga hesabu 2022: hata gesi yote iliyokwisha kugunduliwa Afrika ikichimbwa na kuchomwa, mchango wa bara hili kwenye hewa chafu ya dunia tangu zamani ungefika asilimia 3.5 tu. Na Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa jikoni unaua watu milioni 3.2 kwa mwaka. Ukimwambia mama anayekohoa asiguse gesi, huku meli iliyobeba gesi hiyohiyo inapita mbele ya macho yake kwenda Rotterdam, hujaokoa tabianchi, umeokoa dhamiri yako. Kama ni kuiacha chini, basi ianze kuachwa ile ya kuuza nje, ya jikoni iwe ya mwisho. Sijawahi kuona bango la maandamano lenye maneno hayo.

Wa pili ni watu wa dola. Hawa ni wengi zaidi, na wamo serikalini. Wanasema uza nje, pata fedha za kigeni, halafu jenga umeme kwa hizo fedha. Kwenye karatasi inapendeza. Norway ilifanya. Lakini Norway ilikuwa na umeme wa maji kila kijiji kabla ya kuchimba, ilikuwa na bunge lenye meno, na ilikuwa na wahandisi wake. Ilianza na sufuria zilizojaa. Msumbiji imepitisha sheria ya mfuko wa akiba Desemba 2023, asilimia 40 ya mapato ya gesi yawekwe kwa miaka 15 ya mwanzo. Vizuri. Ila hizo boti za jodari nazo zilikuwa na karatasi nzuri.

Ningekuwa kwenye meza ya mazungumzo, mimi mwenye mtungi mtupu, nisingeanza na mrabaha. Ningeanza na kiasi: gesi kiasi gani inabaki, kwa bei gani, inafika wapi, mwaka gani, na nini kitatokea kisipofika. Mikataba mingi ina sehemu ya soko la ndani, ila mara nyingi ni sentensi laini mno ukilinganisha na vifungu vya mnunuzi. Meli ikichelewa kuna faini. Mtaa ukichelewa kuunganishwa kuna hotuba. Andika faini ya mtaa.

Na sisi Wakenya tusijifanye malaika kwenye hili. Agosti 2019 meli iliondoka Mombasa na mapipa laki mbili ya mafuta ghafi ya Turkana, bendera zikapepea, tukajiita nchi inayouza mafuta. Mwaka uliotangulia wakazi wa Lokichar walikuwa wamezuia malori wakidai usalama, maji na kazi. Tulivyowatazama ndivyo Dar ilivyoitazama Mtwara. Kodi ya gesi ya kupikia tumeirudisha, tukaipunguza, tukaifuta, yote ndani ya miaka miwili, 2021 hadi 2023, halafu tunashangaa mama mboga hajui apange vipi.

Isitoshe, sisi ndio wanunuzi wanaofuata. Mei 2021 Rais Samia alikuja Nairobi, akasaini na Uhuru makubaliano ya bomba la gesi kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa, kilomita mia sita hivi. Oktoba 2022 Ruto akaenda Dar, wakasema waharakishe. Viwanda vya Pwani vinaingoja. Nami ninaingoja, sitadanganya, kwa sababu mama yangu Msambweni bado ananunua makaa kwa mkebe na macho yake yameanza kuuma. Kwenye ramani ya bomba hilo, sisi ndio kaskazini. Mshale unatuelekea.

Kwa hiyo likijengwa, siku ya kukata utepe Mombasa, kabla hawajaniuliza kama nimefurahi, nitataka kujua nyumba ngapi za Mtwara mjini zimeunganishwa, na zinalipa kiasi gani.